Je, Wajua? Saini ya Mkataba na Kura ya Vita

Sogea hapa kwenye benchi, ndugu msomaji, weka kikombe cha kahawa chini, maana leo nimebeba mambo. Hebu fikiri: rais wako ametia saini mkataba na nchi jirani, wamekubaliana kwamba atakayempiga mmoja amewapiga wote. Jirani akapigwa kweli. Je, wanajeshi wetu wataondoka usiku huo huo, au ni lazima kwanza wabunge waulizwe? Swali hilo limewahi kugusa maisha ya watu wa Kwale, na wala si mara moja. Twende!

Je, wajua kwamba Gazi yetu hii, hapo kati ya Diani na Msambweni, iliwahi kupiganiwa kwa sababu ya mkataba uliohusu Ubelgiji? Naam, Ubelgiji! Mwaka 1839 Uingereza na wakubwa wenzake wa Ulaya walitia saini jijini London kwamba Ubelgiji isiguswe. Miaka 75 baadaye, Agosti 1914, Ujerumani ikaigusa, Uingereza ikaingia vitani, na tarehe 7 Oktoba 1914 bunduki zikalia Gazi.

Na unajua ni wangapi walioketi kutangaza vita vile? Usiku wa 4 Agosti 1914 Mfalme George wa Tano aliketi na waziri mmoja na maofisa wawili wa jumba lake. Watu wanne chumbani, basi! Bunge la London halikupiga kura ya kutangaza vita. Siku mbili baadaye liliombwa fedha za kuviendesha, pauni milioni 100, likazitoa.

Huku kwetu je? Nairobi ilikuwa na baraza la kutunga sheria tangu 1907, lakini Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia humo mwaka 1944. Piga hesabu mwenyewe. Vita vya kwanza vya dunia vilianza na kwisha, vya pili vikaanza na kukaribia kwisha, ndipo Mwafrika mmoja akapata kiti.

Waliolinda Gazi siku ile walitoka wapi? Shikilia benchi. Baadhi yao walikuwa askari wa Maharaja wa Jind, kutoka Punjab huko Bara Hindi! Maharaja alikuwa rafiki wa Waingereza kwa mapatano, kwa hiyo vijana wake wakavuka bahari kuja kupigania pwani ambayo pengine hawakuwahi kuisikia.

Pamoja nao walikuwapo Waarabu wa pwani waliokusanywa na Mwingereza aitwaye Arthur Wavell. Huyu Wavell alikuwa amewahi kwenda Makka mwaka 1908 akijifanya Mzanzibari, na akarudi salama! Vita havikumrudisha: aliuawa Mwele, humu humu Kwale, Januari 1916.

Sasa sikia hili, ndilo linaloniuma zaidi. Ulikuwapo mkataba mwingine uliotoa nafasi ya kutuepusha na balaa lile. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa na kifungu, cha 11, kilichoruhusu makoloni ya ukanda mpana wa Kongo yakae kando Ulaya ikipigana, na ukanda huo ulichorwa mpana hivi kwamba ulifika hadi Bahari ya Hindi, Kwale ikiwa ndani! Mkataba wa kupigana ukafuatwa, wa kutopigana ukaachwa kwenye makaratasi. Wakulima wa Vanga hawakuulizwa lolote kuhusu huu wala ule.

Na Vanga ilikuwa mlangoni kabisa mwa vita. Mpaka wa Waingereza na Wajerumani ulichorwa mwaka 1886 kuanzia kwenye mdomo wa mto Umba, pale pale pembeni. Januari 1915 majeshi yalipambana Jasin, ng'ambo tu ya mpaka huo, siku mbili mfululizo.

Unadhani vita vya pili vilichukua muda mrefu kutoka saini hadi risasi? Uingereza na Poland zilitia saini mkataba wa kusaidiana tarehe 25 Agosti 1939. Tarehe 3 Septemba Uingereza ikawa vitani. Siku 9! Safari hii bunge la London lilikaa na kujadili, ila vijana wa Kenya waliopelekwa hadi Burma hawakuwa na mbunge wao humo.

Turudi nyuma kidogo, maana pwani hii imeona makubwa zaidi. Je, wajua kwamba Mombasa iliwahi kuwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza kwa neno la nahodha mmoja wa meli? Wamazrui, watawala wa Mombasa, walikuwa wakitishwa na Sayyid Said wa Oman, wakaomba walindwe. Hata bendera ya Uingereza walijishonea wenyewe! Februari 1824 Nahodha William Owen akakubali, kwa sharti kwamba biashara ya watumwa ikome. Serikali yake London haikuwa imemtuma.

Yakadumu mapatano hayo? Hata kidogo. London iliyakataa, na Julai 1826 bendera ikateremshwa Fort Jesus. Kijana aliyeachwa kutawala, Luteni Reitz, alikuwa amekwisha kufa kwa homa ndani ya miezi michache, na jina lake ndilo linaloitwa hadi leo unaposema Port Reitz.

Na Wamazrui waliokosa mlinzi walipatwa na nini? Mwaka 1837 Sayyid Said aliwashinda, wakatawanyika. Wengine walikwenda Takaungu, na wengine wakaja kuanzisha makao Gazi! Kwa hiyo Gazi ya leo, yenye daraja la mbao la akina mama ndani ya mikoko, ina mizizi katika ahadi ya ulinzi iliyovunjika.

Huko Gazi ndiko alikotoka Mbaruk bin Rashid, mtu aliyewasumbua masultani na Waingereza kwa miaka na miaka. Ngome yake kuu ilikuwa Mwele, upande wa Milima ya Shimba. Agosti 1895 Admirali Harry Rawson akaja na mabaharia wake wakaivunja.

Mwingereza akishinda hutoa nishani, na ile ya vita hivi imechorwa ukingoni jina la Mwele na mwaka! Kijiji cha Kwale kwenye fedha ya Malkia Victoria. Ukikutana na nishani hiyo mahali popote duniani, ujue ni habari za kwenu.

Rawson huyo huyo, unajua alifanya nini baada ya mwaka mmoja? Tarehe 27 Agosti 1896 alipiga mizinga jumba la Sultani Zanzibar. Vita vilianza saa 3 na dakika 2 asubuhi, na kabla ya saa 4 kamili vilikuwa vimekwisha: dakika kati ya 38 na 45, vita vifupi kuliko vyote vilivyoandikwa! Zanzibar wakati huo ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, tangu 1890. Aliyeahidi kulinda ndiye aliyepiga, na hapakuwa na kura ya bunge lolote. Februari 1897 Rawson alikuwa tena Benin, Afrika Magharibi, akiichoma. Miezi 18, sehemu tatu.

Mbaruk mwenyewe hakukamatwa na Waingereza. Aprili 1896 alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani, akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Sultani Khalid bin Barghash, aliyepigwa kule Zanzibar, naye alikimbilia kwa Wajerumani, akaishi Dar es Salaam hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1916. Alifariki Mombasa mwaka 1927.

Kwani bunge la London halikuwa na sauti kabisa kuhusu Afrika yetu? Lilikuwa nayo, mahali pa ajabu! Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilibadilishana maeneo, na kisiwa kidogo cha Heligoland kilicho karibu na Ujerumani kikatolewa. Kwa kisiwa kile bunge lilipitisha sheria kamili. Kwa Zanzibar na pwani yake, saini zilitosha.

Haya, hayo ya mababu. Sasa tufungue Katiba ya Kenya ya 2010, uone tulivyobadilika. Kifungu cha 132 kinasema Rais anaweza kutangaza vita akiwa na idhini ya Bunge. Kifungu cha 95 kinalitaja Bunge la Kitaifa kuwa ndilo linaloidhinisha kutangazwa kwa vita. Amiri Jeshi Mkuu, na bado haondoki peke yake!

Kisha kipo kifungu cha 240, na hiki ndicho utakachowasomea watu barazani. Baraza la Usalama wa Kitaifa haliwezi kupeleka majeshi nje ya Kenya bila idhini ya Bunge: si kwa kulinda amani, si kwa kazi nyingine yoyote. Na kinyume chake ni vivyo hivyo. Majeshi ya kigeni hayawekwi Kenya bila Bunge kuidhinisha.

Na mkataba je, hauwezi kuiruka Katiba? Tazama kifungu cha 2. Mkataba ambao Kenya imeuridhia unakuwa sehemu ya sheria ya Kenya, lakini chini ya Katiba hii. Maneno hayo madogo, "chini ya Katiba", ndiyo yanayofunga mlango! Sheria inayopingana na Katiba ni batili, hata kama marais kumi wameitia saini.

Isitoshe, mkataba wenyewe unapita bungeni. Kuna sheria ya mwaka 2012 ya namna ya kufanya na kuridhia mikataba, na Bunge la Kitaifa lina kazi humo. Mkataba wa ulinzi kati ya Kenya na Uingereza ulitiwa saini Julai 2021, lakini wabunge hawakuupitisha hadi mwaka 2023. Saini ilisubiri!

Sasa nikuulize: Kwale ina kura ngapi katika mambo haya? Tuhesabu pamoja. Msambweni, Lunga Lunga, Matuga, Kinango, ongeza Mwakilishi wa Kike wa kaunti: 5 katika Bunge la Kitaifa lenye wabunge 349. Seneti unaye 1 uliyemchagua kati ya maseneta 67. Hao ndio wanaobeba sauti ya watu 866,820 waliohesabiwa Kwale mwaka 2019.

Hili litakufanya uinuke kwenye benchi. Akidi ya Bunge la Kitaifa ni wabunge 50 tu, na jambo la kawaida hupita kwa wingi wa waliopo na kupiga kura. Kifungu kinachohusu kutangaza vita hakikutaja theluthi mbili wala robo tatu. Kwa hesabu ya karatasi, kura 26 zinatosha! Mimi naona ni chache mno kwa jambo zito kiasi hicho, na nasema hivyo waziwazi.

Linganisha na hali ya hatari. Ikitangazwa, hudumu siku 14, na ili kuirefusha mara ya kwanza zinahitajika theluthi mbili za Bunge la Kitaifa, kisha robo tatu kwa kila nyongeza inayofuata. Kurefusha hali ya hatari ni vigumu kuliko kuanzisha vita!

Panda matatu Ukunda hadi Lunga Lunga, vuka uingie Horohoro. Umetembea hatua chache, na sheria ya vita imepinduka! Kwa Katiba ya Tanzania, Ibara ya 44, Rais hutangaza vita kwanza, ndipo nakala ya tangazo ipelekwe kwa Spika, na Bunge liitwe ndani ya siku 14 kuamua kama linamuunga mkono. Upande huu ni idhini kwanza. Upande ule ni vita kwanza.

Uganda nao wana yao. Huko inatakiwa theluthi mbili ya wabunge wote. Mambo yakiwa ya haraka kupita kiasi Rais anaweza kutangaza bila wao, lakini lazima aombe idhini yao kabla ya saa 72 kupita! Nchi tatu jirani, kanuni tatu.

Kwa hiyo jirani hao wakiahidiana kulindana, saa ya nani itafuatwa? Mwaka 2014 viongozi wa Kenya, Uganda na Rwanda walitia saini mjini Kampala mkataba wa kulindana. Mwaka 2012 Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima ilikuwa imekwisha kuwa na itifaki ya ulinzi, iliyotiwa saini Arusha. Karatasi ni moja, lakini kila mmoja hurudi nyumbani kwa Katiba yake.

Uganda ilionyesha jinsi mambo yanavyokwenda mbio. Vita vilipozuka Sudan Kusini Disemba 2013, wanajeshi wake walikwenda. Bunge la Kampala likaidhinisha Januari 2014, wanajeshi wakiwa wamekwisha kufika.

Usicheke, ya Kenya yanafanana! Tarehe 2 Novemba 2022 Rais William Ruto aliwakabidhi bendera wanajeshi wa Kenya, KDF, waliokuwa wakielekea mashariki mwa Kongo, chini ya jeshi la Jumuiya. Wabunge waliidhinisha wiki iliyofuata. Walikuwa wanajeshi zaidi ya 900, na gharama ilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 4. Bendera ilitangulia, kura ikafuata. Mimi ningependa iwe kinyume.

Na Kongo ilikuwa mwanachama kwa muda gani? Ilijiunga na Jumuiya mwaka huo huo wa 2022! Wino wa uanachama haujakauka, majeshi ya jirani yamefika Goma. Disemba 2023 yakaondolewa, yakaingia majeshi ya jumuiya nyingine, SADC ya kusini mwa Afrika, ambamo Kongo pia ni mwanachama.

SADC wanao mkataba wao wa kulindana, nao ulitiwa saini wapi? Dar es Salaam, 26 Agosti 2003! Unasema shambulio dhidi ya mmoja litajibiwa kwa pamoja. Lakini endelea kusoma: kila nchi itashiriki kwa namna inayoona inafaa. Yaani unaweza kutuma kikosi, unaweza kutuma dawa.

Mchezo huo wa maneno umejaa dunia nzima, sikiliza. Mkataba wa NATO wa 1949, ule unaosifiwa kuliko yote, unasema kila mwanachama atachukua hatua anayoona ni ya lazima. Kifungu chake cha 11 kinaongeza kwamba ahadi hizo zitatekelezwa kwa kufuata taratibu za katiba ya kila nchi. Ahadi kubwa ya ulinzi duniani ina mlango wa bunge ndani yake!

Na imetumika mara ngapi ahadi hiyo ya "mmoja kwa wote"? Mara 1 tu: Septemba 2001, Marekani iliposhambuliwa. Nchi za Amerika nazo, katika mkataba wao wa Rio wa 1947, ziliandika bila kuficha kwamba hakuna nchi itakayolazimishwa kutumia jeshi bila ridhaa yake.

Marekani, je? Katiba yao inasema ni Bunge la Congress linalotangaza vita. Mara ya mwisho kufanya hivyo rasmi ilikuwa 5 Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Romania. Korea, Vietnam, Iraq: zote hazikutangazwa!

Mwaka 1973 Congress ilichoka. Ikatunga sheria: rais akiingiza majeshi vitani atoe taarifa ndani ya saa 48, na bila idhini yao aache baada ya siku 60. Sheria hiyo hiyo inasema wazi kwamba ruhusa ya vita isidhaniwe kutokana na mkataba wowote, mpaka Congress itunge sheria ya kuitekeleza. Hilo ndilo jibu la swali letu, limeandikwa kwa wino mweusi.

Lakini kura moja inaweza kufika mbali ajabu. Septemba 2001 Congress ilipitisha ruhusa ya kuwasaka waliohusika na shambulio la New York: 98 kwa 0 katika Seneti, 420 kwa 1 katika bunge la chini. Huyo 1 alikuwa Barbara Lee wa California. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ikasema ruhusa ile inawahusu hata al-Shabaab, kundi ambalo hata halikuwapo siku kura ilipopigwa!

Hilo linatuhusu sisi wa pwani. Tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab walishambulia kambi ya Manda Bay, Lamu, wakaua Wamarekani 3. Marekani imekuwa na ruhusa ya kutumia bandari ya Mombasa tangu makubaliano ya 1980.

Uliposikia mwaka 2024 kwamba Kenya imekuwa mshirika mkubwa wa Marekani nje ya NATO, ulidhani sasa Marekani italazimika kutupigania? La hasha! Cheo hicho hurahisisha ununuzi wa silaha na mafunzo, hakina ahadi ya kulindana. Kenya ni ya kwanza kukipata kusini mwa Sahara, lakini ahadi haimo.

Tuje Somalia. Oktoba 2011, baada ya watalii kutekwa Lamu na wahudumu wa misaada kutekwa Dadaab, KDF ilivuka mpaka katika Operesheni Linda Nchi. Tangazo la vita halikupelekwa bungeni. Serikali ilisema ni kujilinda, ikitaja kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Disemba 2011 wabunge wakaidhinisha KDF iingie kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM.

Wakati huo Kwale ilikuwa na viti 3 tu bungeni: Msambweni, Matuga na Kinango. Lunga Lunga haikuwa na kiti chake, na Seneti haikuwapo. Lakini watu wa Likoni walivijua vita vile kwa karibu, kwani kambi kuu ya jeshi la majini ipo Mtongwe, na tarehe 28 Septemba 2012 KDF walishuka Kismayo kutoka baharini!

Sasa kaa vizuri, nikupe Haiti. Mahakama Kuu, Jaji Chacha Mwita, iliamua tarehe 26 Januari 2024 kwamba Baraza la Usalama wa Kitaifa halina uwezo wa kupeleka polisi wa Kenya huko nje. Kifungu cha 240 kinahusu majeshi. Wabunge walikuwa wamekwisha kuidhinisha safari ya polisi hao Novemba 2023, na bado mahakama ikasema hapana! Polisi wangeweza kwenda tu kama kuna makubaliano ya kusaidiana na nchi husika. Basi tarehe 1 Machi 2024 Kenya na Haiti zikatia saini makubaliano hayo Nairobi. Kwa hiyo kura ya Bunge haikufungua njia, ila makubaliano ya nchi mbili!

Tazama tena tarehe hizi, zimekaribiana kupita kiasi. Tarehe 24 Juni 2024 Marekani ilikamilisha kuipa Kenya kile cheo cha ushirika. Tarehe 25 Juni polisi wa kwanza wa Kenya, karibu 200, walitua Haiti. Siku hiyo hiyo vijana waliingia ndani ya Bunge Nairobi wakipinga Mswada wa Fedha, na serikali ikawaita wanajeshi barabarani. Tarehe 26 wabunge wakaidhinisha wanajeshi hao, baada ya kuitwa. Ndiyo, hata ndani ya nchi yako Katiba inalitaja Bunge la Kitaifa jeshi linapotoka kambini!

Mkataba wa kulindana ulio mkongwe kuliko yote kwa Kenya huru ni upi? Ule wa Ethiopia, ulioanza wakati wa uhuru, 1963, nchi zote mbili zikiihofia Somalia. Mwaka 1977 Somalia ikaivamia Ethiopia kweli, Ogaden. Kenya ilipeleka vikosi vingapi? Hata kimoja!

Haikukaa kimya, lakini. Februari 1978 ndege za kivita za Kenya ziliilazimisha ndege ya Misri iliyobeba silaha za Somalia kutua Nairobi. Urafiki ulitimizwa bila askari mmoja kuvuka mpaka. Nao waliokuja kupigana bega kwa bega na Ethiopia walikuwa Wakuba, kutoka ng'ambo ya Atlantiki!

Upo pia ulinzi wa kuombwa papo hapo. Januari 1964 majeshi ya Tanganyika, Uganda na Kenya yaliasi ndani ya siku 5. Serikali zote tatu, huru tangu juzi tu, ziliomba msaada wa Uingereza, na tarehe 25 Januari makomando walishuka Dar es Salaam kwa helikopta. Waliokuja kushika zamu baadaye Tanganyika walikuwa Wanigeria!

Visiwa vya Komoro, jirani zetu wa damu, vilikuwa na mkataba wa ulinzi na Ufaransa tangu 1978. Septemba 1995 mamluki Bob Denard alimpindua rais wao, na Oktoba Wafaransa wakashuka kumtoa Denard. Katiba ya Ufaransa wakati huo haikudai kura ya bunge kwa kazi kama hiyo. Mwaka 2008 wakairekebisha: ni lazima serikali iliarifu bunge ndani ya siku 3, na baada ya miezi 4 iombe ruhusa.

Na Uingereza, yule wa watu wanne chumbani? Hadi leo sheria yake haimlazimishi waziri mkuu kuliuliza bunge kabla ya vita! Lakini mwaka 2013 David Cameron aliuliza kuhusu Syria, akashindwa kwa kura 285 dhidi ya 272. Kura 13 zikazuia ndege za kivita kupaa. Mwaka 2018 Theresa May alipiga Syria bila kuuliza kwanza.

La mwisho, na hili nalisema kwa moyo wote, wewe wa Tiwi, wa Shimoni, wa Kinango. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge lifanye kazi zake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni, na kifungu cha 120 kinaitaja lugha hii unayoisoma sasa kuwa lugha rasmi ya Bunge. Siku utakaposikia mkataba wa ulinzi umetiwa saini Nairobi, usisubiri bendera ikabidhiwe. Muulize mbunge wako ameusoma au hajausoma, na atapiga kura gani, kisha andika ombi lako kwa Kiswahili ulipeleke.